Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Kampuni za Minada ya Nyumba na Viwanja: Tuandikiane Kabla ya Nyundo Kugonga

Kwa Wakurugenzi na Wasimamizi wa Kampuni za Minada ya Mali Isiyohamishika,

YAH: USHIRIKIANO WENU NA MADALALI WA NYUMBA NA VIWANJA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Kabla ya kuandika barua hii mbele ya watu wote nilipita njia ya kimya. Niliiandikia kampuni moja ya minada barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala langu limepokelewa, na mbili zilizofuata hazikujibiwa kabisa. Nilipofika ofisini kwao mara mbili niliambiwa kuwa mhusika hayupo. Kampuni hiyo siitaji hapa, kwa sababu madalali wenzangu wananieleza mambo yale yale kuhusu kampuni nyingine, na ninalolitafuta ni utaratibu utakaotufaa sote.

Kiswahili kina neno moja, dalali, kwa mtu anayemtafutia mwenye nyumba mnunuzi na kwa mtu anayesimama mbele ya hadhara akinadi. Waliotuachia neno hilo waliona kazi mbili zinazokaribiana kiasi cha kuitwa jina moja. Leo kazi hizo zimetengana, na mteja wetu, ambaye mara nyingi ni yule yule, anapita katikati yetu bila mtu wa kumwambia habari yote.

Naomba nieleze kisa kilichonifanya nianze kuandika. Nilikuwa na wateja, mume na mke, ambao nilitembea nao miezi minane wakitafuta nyumba. Nyumba moja ilipotangazwa kuuzwa kwa mnada, niliwapeleka kuiona mara mbili, nikamleta fundi akakagua paa na mabomba, na nikawasindikiza benki mpaka wakapata barua ya kuthibitisha mkopo. Tangazo la mnada lilisema wazi kuwa madalali wanakaribishwa na watalipwa. Nilipiga simu, nikataja jina la mteja wangu, nikajibiwa kwamba nije naye tu siku yenyewe. Siku ilipofika tulielekezwa mezani, na pale mezani mteja akaambiwa ajisajili mwenyewe kwa simu yake ya mkononi. Akajisajili zikiwa zimebaki dakika chache mnada uanze. Alishinda. Nilipouliza kuhusu ujira ulioahidiwa, nilijibiwa kwamba mteja huyo alijisajili mwenyewe, kwa hiyo alikuwa mteja wa kampuni.

Kama jambo lingeishia kwenye ujira wangu, huenda ningenyamaza. Wiki moja baadaye yule mama alinipigia simu kuniambia kuwa ndani ya nyumba waliyoinunua kulikuwa na mpangaji mwenye mkataba uliobakiza miezi kumi na minne. Mkataba huo ulikuwamo katika nyaraka za mnada. Niliwahi kuziomba nyaraka hizo nikaambiwa hupewa washiriki waliosajiliwa pekee, na wateja wangu walisajiliwa wakati ambao hakuna mtu angeweza kusoma kurasa arobaini. Walikamilisha ununuzi kwa sababu walihofia kupoteza arbuni, yaani malipo ya awali waliyokwisha kuweka, wakaendelea kulipa kodi kwingine huku wakilipa mkopo wa nyumba wasiyoweza kuingia.

Kutokana na hayo, na mengine niliyoyashuhudia, naweka mbele yenu malalamiko yafuatayo.

1. Usajili wa mteja aliyeletwa na dalali hauna utaratibu unaoaminika. Kampuni nyingine zinayo fomu ya kumsajili mteja pamoja na dalali wake, lakini huitaja katika kurasa za mwisho za masharti, pamoja na muda wa mwisho ambao huwa umeshapita dalali anapoiona. Nyingine hazina fomu yoyote, zinategemea maneno ya simu. Mnada ni biashara ambayo sharti lake lote hutimia katika sekunde moja ya kugonga nyundo, na baada ya hapo hakuna nafasi ya kujadiliana upya kuhusu nani alimleta nani. Kwa hiyo swali hilo lazima liwe limejibiwa kwa maandishi kabla, likiwa na tarehe, saa, saini ya mteja na saini ya dalali, pamoja na uthibitisho wa kampuni kwamba imepokea. Kusajili washiriki mapema si mzigo usiobebeka. Katika jimbo la New South Wales nchini Australia, sheria inataka kila anayetaka kuweka dau kwenye mnada wa nyumba ya makazi awe amesajiliwa kwanza, na minada huko inaendelea kila wiki.

2. Ujira wa dalali unatajwa kwa asilimia bila kuelezwa ni asilimia ya nini, unatoka wapi na unalipwa lini. Wengi wenu mnatoza ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda. Tuseme nyundo imegonga kwa 100 na ada ni asilimia 5. Mnunuzi atalipa 105. Dalali aliyeahidiwa asilimia 2 anahesabiwa kwenye 100 au kwenye 105? Je, ujira wake unakatwa kwenye hiyo 5, au unatoka upande wa mwenye mali? Maswali haya yanamhusu mteja kuliko yanavyonihusu mimi, maana mteja ambaye hakuelezwa habari ya ada huweka dau mpaka mwisho wa uwezo wake, kisha anakuta deni la ziada ambalo benki haikulipangia. Dalali aliyepewa hesabu kamili siku kumi kabla angemwambia: uwezo wako ni huu, toa ada, toa gharama za uhamisho wa hati, na hapa ndipo pa kusimama. Kuhusu wakati wa kulipa sina ugomvi nanyi. Nakubali dalali alipwe mauzo yanapokamilika, si siku ya nyundo. Naongeza kwamba mnunuzi akishindwa kukamilisha na arbuni yake ikachukuliwa, dalali aliyemleta asipewe hata senti ya arbuni hiyo. Wapo wenzangu watakaonipinga kwa hili, lakini siwezi kumtetea mteja asubuhi na kufaidika na kuanguka kwake jioni.

3. Nyaraka za mali zinatufikia kwa kuchelewa, au hazitufikii kabisa. Hili ndilo lalamiko langu kubwa, na naomba mnivumilie nikiliandika kwa kirefu.

Mali inayouzwa kwa mnada huuzwa kama ilivyo. Mnunuzi wa kawaida, anayenunua kwa makubaliano ya mezani, anaweza kuweka sharti kwamba mkopo ukikataliwa au ukaguzi ukionyesha ubovu, mkataba unavunjika. Mnunuzi wa mnada kwa kawaida hana kinga hiyo. Nchini Uingereza, kwa mfano, katika mnada wa kawaida wa nyumba mkataba hufunga pale pale nyundo inapogonga, mnunuzi huweka arbuni ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, na mara nyingi hupewa siku 28 tu kukamilisha malipo. Mahali pengine siku na asilimia hutofautiana, lakini mantiki ni ile ile: uchunguzi wote hufanyika kabla ya mnada, kwa gharama ya mtu ambaye hajui kama atashinda. Ndiyo maana karatasi ni muhimu kuliko picha. Mteja anatakiwa kujua mapema jina lililo kwenye hati miliki, kama mali iko rehani au imewekewa zuio, kodi za ardhi na tozo ambazo hazijalipwa, mipaka kama ilivyopimwa, mpangaji aliyemo na mkataba wake, kesi iliyopo mahakamani, na kama mwenye mali ataikabidhi ikiwa tupu au la. Kuzisoma karatasi hizi, kufanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, kumtafuta mwanasheria na fundi, ndiyo kazi ambayo dalali mzuri huifanya kwa niaba ya mtu ambaye pengine hanunui nyumba zaidi ya mara moja maishani.

Nimesikia ikisemwa kwamba mwenye mali anaumia taarifa zikisambaa, kwa sababu kasoro zitashusha bei. Wachumi wamelichunguza jambo hilo. Mwaka 1982 Paul Milgrom na Robert Weber walionyesha kwamba, pale ambapo washiriki wanakisia thamani ya kitu kwa taarifa zinazohusiana, muuzaji mwenye desturi ya kutoa wazi taarifa alizonazo hutarajia kupata mapato zaidi kwa wastani, wala hapungukiwi. Milgrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2020 pamoja na Robert Wilson kwa kazi yao juu ya nadharia ya minada. Sababu yenyewe mtu wa sokoni anaielewa bila hesabu: mtu mwenye shaka huweka dau la tahadhari, na mtu aliyesoma karatasi zote akaridhika huweka dau la kweli.

Kuna pia habari ya bei ya chini. Sidai mtuambie kiasi ambacho mwenye mali hatauza chini yake. Hiyo ni siri yake. Ninachodai ni kuambiwa kama bei hiyo ipo au haipo, na kama mwenye mali amejiwekea haki ya kuweka dau mwenyewe au kupitia mtu wake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1867 kuhusu uuzaji wa ardhi kwa mnada ilitaka mambo hayo yaandikwe kwenye masharti. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, bado ninapeleka wateja kwenye minada ambako swali hilo likiulizwa linajibiwa kwa tabasamu.

4. Dalali aliyeleta mali husahaulika mara mkataba wa mnada unaposainiwa. Mara nyingi mwenye nyumba huanza kwetu. Tumeitangaza nyumba yake, imekaa, tumeona kwamba muda wake ni mfupi au mali yenyewe ni ya aina ambayo bei yake haikadiriki kwa urahisi, na sisi wenyewe tukamshauri aende mnadani. Huo ni ushauri unaotugharimu, na tunautoa kwa sababu unamfaa. Lakini mkataba unaofuata huwa kati ya kampuni na mwenye mali pekee, na dalali ambaye bado ana mkataba halali wa kuuza anageuka mtu wa pembeni, huku akiendelea kufungua milango kwa watazamaji, kujibu simu na kutunza funguo. Mkataba wa pande tatu ungemaliza jambo hili: nani anatangaza, nani anaonyesha mali, nani anajibu maswali ya hati, na ujira unagawanywaje.

5. Mali ikiuzwa kabla ya siku ya mnada, au isipofika bei ikauzwa baadaye kwa mazungumzo, wateja wetu hawaambiwi. Mteja amelipia ukaguzi na mwanasheria, halafu anafika ukumbini anakuta mali imeondolewa. Ujumbe mmoja kwa kila dalali aliyesajili mteja ungetosha.

Najua majibu ambayo huwa tunapewa, na ni haki niyajibu hapa hapa.

Inasemwa kwamba kampuni hulipia matangazo yenyewe, na kwamba mnunuzi angeliona tangazo hata bila dalali. Inawezekana aliliona. Lakini kuona tangazo na kufika ukumbini ukiwa na fedha tayari, nyaraka zimesomwa na kiwango cha mwisho kimeandikwa kwenye karatasi, ni vitu viwili vilivyo mbali sana, na safari ya kutoka kimoja kwenda kingine ndiyo tunayoifanya sisi. Ikiwa mteja alikuwa ameshajisajili kwenu kabla sijawaletea jina lake, nionyesheni tarehe, nami sitadai chochote.

Inasemwa pia kwamba ujira wa dalali unapunguza fedha ya mwenye mali, hasa pale ambapo mali inauzwa kwa deni la benki na hakuna fedha ya kupoteza. Hapa naomba mfikirie kazi ya wachumi Jeremy Bulow na Paul Klemperer ya mwaka 1996. Walionyesha kwamba, kwa masharti ya kawaida ya nadharia, mnada wa wazi usio na bei ya chini wenye mshiriki mmoja zaidi humpa muuzaji mapato makubwa kuliko mbinu bora kabisa ya mazungumzo na washiriki waliopo bila huyo mmoja. Mshiriki wa ziada ana thamani kubwa kiasi hicho. Dalali anayemleta mshiriki wa kweli analeta kitu ambacho ujanja wowote wa kupanga masharti hauwezi kukifidia, na mdaiwa ambaye nyumba yake inanadiwa ndiye wa kwanza kunufaika, maana kila kinachozidi deni ni chake.

Jibu la tatu huwa linanigusa zaidi, kwa kuwa lina chembe ya ukweli: kwamba madalali huwavunja moyo wateja, wakawaambia waache wakati dau linapopanda. Ni kweli, huwa nawaambia waache. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa sekta ya mafuta, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu kampuni zilizoshindania vitalu vya mafuta na kupata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Walieleza kwamba katika mnada wa kitu ambacho thamani yake inakisiwa, anayeshinda huwa mara nyingi ndiye aliyekisia juu kupita wote, na wachumi wakaliita jambo hilo laana ya mshindi. Mnunuzi aliyepatwa na laana hiyo ndiye anayeshindwa kupata mkopo kwa sababu mthamini wa benki ameikadiria nyumba chini ya bei ya nyundo. Ndiye anayeomba kuongezewa muda, ndiye anayekwenda mahakamani, na mwishowe mali inarudi mnadani ikiwa na sifa mbaya. Mteja niliyemzuia pale alipotakiwa kuzuiwa hajawaharibia biashara. Mteja niliyemwandaa, akaweka dau la mwisho bila kutetemeka kwa sababu alijua kila karatasi, huyo hukamilisha malipo.

Na wapo wanaosema kwamba minada ya mtandaoni imeondoa haja ya mtu wa kati. Nimeshiriki minada hiyo na naiona ni maendeleo mazuri. Lakini mtandao humwonyesha mtu bei za wenzake na saa inayohesabu kurudi nyuma. Haumwonyeshi ufa ulio nyuma ya kabati wala jirani anayedai kipande cha uwanja.

Sitakuwa mkweli nikiyataja makosa yenu na kuyaficha yetu. Wapo madalali wanaowaletea orodha ndefu ya majina ya watu ambao hawajawahi hata kuzungumza nao, ili yeyote akishinda wadai ujira. Wapo wanaopokea malipo pande zote mbili bila kumwambia yeyote. Wapo, na hili ni baya kuliko yote, wanaokutana na washiriki kabla ya mnada na kupatana nani aweke dau na nani akae kimya, wakamnyima mwenye mali haki yake. Mna kila sababu ya kujilinda na watu hao, na fomu ninayoiomba inawalinda ninyi pia: mteja asaini mwenyewe kwamba dalali fulani anamwakilisha kwa mali fulani, dalali atangaze kwa maandishi kama analipwa na upande mwingine, na atakayebainika kupanga madau afungiwe minada yenu yote na aripotiwe kwa vyombo vinavyohusika.

Ninachoomba ni hiki. Kila kampuni ichapishe, pamoja na tangazo la kila mali, ukurasa mmoja wa masharti kwa madalali, unaoeleza fomu ya usajili na siku ya mwisho ya kuiwasilisha, kiwango cha ujira na namna unavyohesabiwa, na siku ambayo utalipwa baada ya mauzo kukamilika. Nyaraka zote za mali zipatikane kwa dalali yeyote mwenye leseni au kitambulisho cha kazi kuanzia siku ya tangazo, na pale zinapobadilika, kila aliyezichukua aarifiwe siku hiyo hiyo. Mali inayoletwa na dalali iwe na mkataba wa pande tatu. Usajili wa mteja aliye na dalali usifutwe kwa sababu mteja huyo alibonyeza kitufe kwenye simu akiwa mezani penu, kwa maelekezo ya mtumishi wenu.

Kwa upande wangu nimeandaa rasimu ya fomu ya usajili na rasimu ya mkataba wa pande tatu, na mwanasheria amezipitia. Ziko tayari kukabidhiwa kwa kampuni yoyote itakayoziomba, bila malipo, nayo iwe huru kuzirekebisha. Naomba kukutana na wawakilishi wenu ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua hii, mahali na saa mtakayoichagua ninyi, nikiwa pamoja na madalali wenzangu wanne waliokubali kuja na kumbukumbu zao za usajili. Yule mama aliyenunua nyumba yenye mpangaji amesema naye atakuja, kama mtamruhusu, na atakuja na ile karatasi ya ukurasa wa thelathini na moja ambayo hakuwahi kupewa nafasi ya kuisoma.

Wenu katika kazi,

Dalali wa nyumba na viwanja